Karani wa Mbao Aomba Kazi ya Matunda

Katika matangazo ya kazi yanayobandikwa kwenye kuta za maduka ya Makambako hakuna sharti lenye inda kuliko lile la mwisho, ambalo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo kana kwamba aliyeliandika aliona haya: kwamba mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu katika kazi ya namna hiyo hiyo. Lau sharti hilo lingefuatwa kwa insafu, asingepatikana mwanadamu wa kuianza kazi yoyote, maana miaka mitatu ya kwanza ingekuwa haramu kwa kila mtu. Na ilhali watu huajiriwa kila siku, ni dhahiri kwamba ama waajiri hawayasomi matangazo yao wenyewe, ama miongoni mwa waombaji wamo waongo hodari. Mimi sikuwa na nguvu ya kuwabadili wa kwanza, wala kipaji cha kushindana na wa pili.

Nilikuwa karani wa kiwanja cha mbao tangu ujana wangu. Makambako ni mji uliozaliwa na njia: hapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo hapo huchepuka barabara ya Njombe na Songea, hata ikawa kila kitu kitokacho kusini, kiwe mahindi, viazi au magogo, hakina budi kupita mbele ya macho yetu. Kazi yangu ilikuwa kuzihesabu mbao za misindano, mbili kwa nne na moja kwa nane, kuziandika daftarini, na kubishana na wauzaji. Kisha miaka ya karibuni nikaanza kuona malori ya makontena ya baridi yakipishana na malori ya magogo, yamesheheni parachichi za kwenda ng'ambo. China nayo, ambayo sikuwahi kuidhania kuwa na hamu ya tunda hilo, ikatia saini Novemba 2022 mapatano ya kulipokea kutoka kwetu. Na vijana niliowajua kwa kuchana mbao wakarudi vijijini kwao kupanda miche ya kubebesha. Nikafanya azma ya kuwafuata kabla vumbi la mbao halijanimaliza kifua. Ghala moja la Njombe, la kupokea na kufungasha matunda, lilikuwa linatafuta karani wa mapokezi.

Ama kuhusu barua yenyewe, desturi ya nchi yetu ni kwamba mtu asiye na uzoefu hujaza nafasi yake kwa sifa. Hujiita mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, mwenye kufanya kazi bila kusimamiwa. Nami sijapata kuona barua ambayo mwombaji wake alikiri kuwa ni mvivu mwenye mkono mrefu. Niliandika sifa hizo zote, nikaziremba, kisha nikamsomea mke wangu aliyekuwa akimenya viazi.

"Baba Neema," akasema bila kuinua uso, "huyo mtu unayemsoma ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona simjui? Mimi ninayemjua hugonga mbao kwa kidole, akasema ina maji, akairudisha; mwenye mbao akamtukana, yeye akaendelea kunywa chai. Huyo umemwacha wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba mbao na matunda havina nasaba, lakini kadiri nilivyolitafakari jambo hilo ndivyo nilivyoona kuwa nimekosa hoja. Mti uliokatwa ukiwa mchanga hutoa mbao iliyojaa maji, ambayo ikikauka hupinda na kupasuka. Na parachichi lililochumwa kabla ya wakati wake haliivi kamwe, bali husinyaa na kuwa kama mpira, ingawa siku ya kuchumwa lilikuwa zuri la sura kuliko wenziwe. Wanunuzi wa matunda hayo hupima ukavu wake: hukata kipande cha nyama ya tunda, hukipima uzito, hukikausha motoni mpaka maji yaishe, kisha hukipima tena ili wajue kilichosalia, na tunda lisilofikia kiwango hurudi kwa mwenyewe. Swali la ghala la matunda na swali la kiwanja cha mbao, basi, ni moja: humu mna maji kiasi gani, na nani anataka kutuuzia maji kwa bei ya mali? Swali hilo nilikuwa nimelijibu umri wangu wote, mvuani na juani, mbele ya watu wenye hasira.

Nikazifuta sifa zote. Nikaandika nilivyokuwa nikipokea shehena za lori zima, nikikataa zisizofaa, nikiwaandikia wauzaji hati ya kilichokataliwa na sababu yake, na kwamba hesabu ya daftari langu ilizoea kulingana na hesabu ya mzigo. Nilitamani pia kutia habari za Rudolph Hass, ambaye jina lake ndilo lililopewa parachichi lile jeusi linalopendwa na wanunuzi wa ng'ambo. Bwana huyo alikuwa mpeleka barua wa posta huko California. Alipanda mbegu asiyoijua asili yake, mche ukakataa kubebeshwa, akataka kuukata, wanawe wakamsihi auache kwa kuwa waliyapenda matunda yake. Na mwaka 1935 akapata hataza ya mti huo, huku akiendelea kugawa barua za watu. Lau angeomba kazi katika ghala lile la Njombe, angekataliwa kwa kukosa uzoefu. Mke wangu alinizuia: "Usiende kuwafundisha parachichi watu wa parachichi." Nikatii.

Barua ikapelekwa steshenari. Kijana wa hapo, mwenye adabu nyingi na usingizi mwingi, alinipa shikamoo, akaniambia, "Mzee, usihangaike, fomati ninayo," maana yake ni kwamba alikuwa na barua ya mteja mwingine, akawa anaondoa maneno ya yule na kutia yangu. Nakala aliyonipa niihakiki ilikuwa sahihi tangu anwani hata sahihi. Ila wino ulikuwa umefifia, naye kwa jamala yake akasema atanitolea nyingine iliyo safi. Akaitoa, akaipachika pamoja na vivuli vya vyeti vyangu, akaitia ndani ya bahasha ya kaki na kuifunga kwa ulimi wake, wakati huo gari la Njombe likipiga honi. Kumbe nakala ile safi aliichapa kutoka katika barua aliyoihifadhi kabla hajabadili kichwa chake, na kichwa kile kilikuwa cha mteja wa asubuhi: "Yah: Maombi ya Kazi ya Udereva wa Magari Makubwa."

Mtu ataniuliza, je, barua yenyewe haikutaja kazi ninayoiomba? Haikutaja, wala barua za namna hiyo hazitaji. Huanza kwa kusema, "Husika na kichwa cha habari hapo juu," na kuanzia hapo mwombaji huiita "nafasi tajwa" mpaka amalize kwa "wako mtiifu". Urasimu wetu umekabidhi maisha ya mtu kwa mstari mmoja uliopigiwa mstari.

Nikaitwa. Njombe mwezi wa Julai si mahali pa kungoja nje. Umande huganda juu ya majani, na kila mtu hutoa moshi kinywani kama bomba la jiko. Nilijikuta katika kundi la wanaume wenye makoti mazito wakizungumza habari za foleni ya Tunduma na za breki, nikastaajabu jinsi ukarani wa matunda ulivyowavutia watu wenye mabega. Kijana mmoja akanijia na funguo.

"Mzee, lete leseni. Utaanza wewe, lirudishe lori lile mpaka mlango wa ghala."

"Leseni ya nini, mwanangu?"

Akaitazama barua yangu, akaisoma kwa sauti ili wote tusaidiane kuielewa, na alipofika mahali nilipoandika kwamba kwa miaka mingi nimekataa shehena zisizofaa na kuzirudisha kwa staha, dereva mmoja akauliza, "Huyu ni dereva gani anayekataa mzigo?" Kicheko kilichofuata kilimtoa ofisini msimamizi wa ghala, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira na koti la sufu, ambaye aliichukua barua, akaisoma yote kimya, akanambia nimfuate.

Juu ya meza aliweka parachichi mbili zilizofanana kama pacha. "Ipi changa?"

"Mama, kwa jicho sijui. Nipe kisu, mizani na jiko."

Akanitazama kitambo, kisha akazipasua zote mbili. Kokwa ya moja ilikuwa imevaa ngozi nyembamba ya hudhurungi kama karatasi. Ya pili ngozi yake ilikuwa nyeupe, nene, yenye unyevu. "Hii nyeupe ndiyo changa," akasema. "Hilo utajifunza kwa siku moja. Kumkatalia mwenye lori, hilo wengi wa hapa wameshindwa kujifunza."

Alinipa mkataba wa msimu mmoja, kwa ujira ulio pungufu ya ule wa mbao, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Tatizo lililobaki ni la ofisi ya fedha, iliyofungua jalada langu kwa kufuata kichwa cha barua: katika orodha ya mishahara nimo baina ya madereva, na kila mwisho wa mwezi, kabla ya kutia sahihi, huulizwa leseni yangu nitaileta lini.