Kelele Zisizo na Mwenyewe

Ami mpendwa, Bibi, na jamaa wote wa Vikokotoni, Unguja,

Mimi na mkwe wenu gari letu la kulalia tumelituliza kando ya mto Mosel, katika nchi hii ya Ujerumani, chini ya majabali yaliyopandwa mizabibu wima kiasi cha mtu kujiuliza kama wavunaji wake huteremka kwa miguu au kwa kamba. Likizo ingekuwa njema kabisa lau nisingeamka Jumatatu iliyopita nikakuta karatasi imebanwa chini ya waipa ya kioo cha mbele, imekunjwa kwa unadhifu, imeandikwa kwa hati ya mtu aliyesoma, ambayo ndani yake jirani yetu wa kulia, baada ya kututakia mapumziko mema, alituuliza kwa adabu tupu ni chombo gani ndani ya gari letu kinachonguruma kila usiku kabla ya saa kumi: hunguruma mara tatu, kikanyamaza, mara tatu tena, kikanyamaza, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Maskini alikuwa amehesabu. Sikuwa na haja ya kuchunguza chochote, maana alichokiandika kilikuwa ni udhu wangu wa alfajiri, tena umepangwa kwa taratibu kuliko tulivyofundishwa chuoni.

Yafaa mjue, kwa kuwa huko kwenu maji huteremka yenyewe kutoka tangi la juu ya paa, kwamba maji yetu sisi yamelala chini ya benchi ya kukalia, na hayapandi bombani ila kwa kusukumwa na pampu ndogo ya umeme ambayo huamka yenyewe kila bomba linapofunguliwa na shinikizo la maji kupungua. Pampu hiyo aliyeifunga aliikaza kwa skrubu nne juu ya ubao mwembamba wa plaiwudi, na ubao huo umeungana na ukuta wa gari, kwa hiyo mtu akifungua bomba anawe kiganja kimoja cha mkono, gari zima hulia ngoma.

Na kulia ngoma hapa si jambo la mchezo. Katika kambi hii kimya ni faradhi tangu saa nne ya usiku hata saa moja ya asubuhi, jambo ambalo mwenye akili hawezi kulipinga. Lakini fauka ya hayo kuna kimya cha pili, cha saa saba hadi saa tisa mchana, jua likiwa utosini, wakati ambapo kizuizi cha langoni hushushwa, magari hayaingii wala hayatoki, na aliyechelewa sokoni kwa dakika tano hukaa nje na samaki wake mpaka muda umalizike. Msidhani kwamba mtu anaweza kuikimbia sheria hii kwa kwenda kulala njiani. Huko nako sheria humruhusu msafiri alale garini usiku mmoja ili arudishe nguvu za kuendesha, ila asitoe nje kiti wala meza, kwani hapo huhesabiwa kuwa amepiga kambi. Yaani kiti kimoja cha kukunja ndicho kinachomgeuza mchovu kuwa mhalifu. Nami nilipoazimia kuitengeneza pampu, kwa nia safi ya kupunguza kelele, nikakumbushwa na mlinzi kwamba ilikuwa saa saba na robo, na kwamba kupunguza kelele kwa kutumia keekee ya umeme nako ni kelele.

Ilipopiga saa tisa niliing'oa pampu, nikaiweka juu ya kipande kinene cha mpira, nikaukata mfereji mgumu uliokuwa ukipeleka mtetemo ukutani, nikatia mpira laini mahali pake. Na kwa hakika ngurumo ikapungua ikawa mguno. Mkwe wenu, ambaye kazi yake ya uuguzi imemfundisha kulala popote na kwa kelele yoyote, alikuwa akinitazama muda wote huo pasipo kusema neno. Mwishowe akaniuliza kwa nini nisiizime swichi ya pampu ninapokwenda kulala, nikajaza birika. Sikumjibu, bali usiku huo nilijaza birika.

Hapo ndipo nilipoanza kuisikia inveta. Hii ni mashine inayochukua umeme wa betri wa volti 12 ikaugeuza kuwa umeme wa nyumbani wa volti 230, wenye kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma yake hutanuka na kunywea mara mbili kwa kila mzunguko, ndiyo maana hujivumia yenyewe mavumo 100 kwa sekunde hata kama hakuna kitu kilichochomekwa; na ikipata joto, feni yake huanza. Ami, nilipoketi kutafakari ni haja gani hasa iliyotufanya tuiache wazi usiku kucha, nilibaini kwamba ilikuwa ni kuchaji simu, na simu haitaki ila volti 5. Basi tulikuwa tukiupandisha umeme kutoka 12 hadi 230 ili tuushushe hadi 5, sawa na mtu wa Darajani anayetaka kwenda Malindi akapitia Pemba. Nimenunua kichajio kidogo kinachokula volti 12 moja kwa moja, na inveta nimeipa likizo. Chaja ya betri nayo, inayofanya kazi tunapounga waya wa kambi, ina kitufe cha usiku kinachoipunguzia nguvu kwa nusu ili feni yake isizunguke, kitufe ambacho kilikuwapo siku zote katika kitabu cha maelezo ambacho hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kukisoma.

Nikajipongeza, nikazima taa, nikajinyoosha. Na friji ikajitokeza. Si kwamba zamani ilikuwa haisemi, bali sauti kubwa huifunika ndogo, na kila ninapoinyamazisha moja, iliyokuwa chini yake hutoka mbele kudai haki yake. Friji yetu ni ya kompresa, yenye mota inayozunguka baina ya mara 2,000 na 3,500 kwa dakika, na mwendo wake huamuliwa na rezista moja iliyotiwa katika waya wa thamostati: ukiutuliza mwendo sauti hupungua, lakini mashine hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, hivyo mtu huchagua baina ya ugomvi mfupi na manung'uniko marefu. Hunyamaza, ukaanza kusinzia. Kisha hujitikisa, ikakohoa, ikaanza upya. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30, nami nilikwisha kutia katika simu programu ya kupimia sauti, nikawa nalala kifudifudi sakafuni usiku wa manane nikisoma tarakimu, hali ambayo lau Bibi angeiona angeniitia mwalimu wa kunisomea.

Niliposogeza sikio mpaka likagandana na mlango wa kabati ndipo nilipotambua kwamba ile sauti nyembamba iliyokuwa ikinichoma kichwani haikuwa ya friji hata kidogo. Ilikuwa ni ya bilauri mbili za chai zilizosimama zimegusana mabega, zikitetema pamoja na kompresa. Nikachana kanga kuukuu, nikaipenyeza baina yake, na zikanyamaza papo hapo. Asubuhi niliulizwa habari za ile kanga, na mazungumzo hayo hayahusiani na barua hii.

Jirani wa kulia, ambaye nilikwenda kumtaka radhi kwa sahani ya visheti, hana tabu ya friji, maana friji yake yeye ni ya moto. Msistaajabu sana, kwa sababu Ami ataikumbuka friji ya mafuta ya taa ya zahanati za shamba, iliyohifadhi chanjo: utambi ukiwaka chini na barafu ikiganda juu. Aliyeibuni si mtu mmoja bali ni vijana wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, wangali wanafunzi. Moto huifukuza amonia kutoka katika maji, amonia ikapoa ikawa kioevu, kioevu kikageuka mvuke tena ndani ya haidrojeni na kuchukua joto la chakula, kisha maji yakaimeza amonia upya, na katika safari yote hiyo hakuna kiungo cha chuma kinachocheza, kwa hiyo hakuna cha kupiga kelele. Ila ina sharti lake: lazima isimame sawasawa, ndiyo sababu mzee yule kila anapotua kambi huzunguka gari lake na pimamaji na vipande vya mbao mpaka giza linaingia, ilhali mkewe ana njaa.

Mzee huyo ndiye aliyenihadithia kisa kilichonipa faraja kuliko mpira wote niliokwisha kuununua. Katika miaka ya 1920, kule Berlin, Albert Einstein mwenyewe, pamoja na Leo Szilárd, walishughulika kubuni friji isiyo na mota, wakapata hataza ya Marekani mwaka 1930. Na katika mojawapo ya mashine zao walitia pampu ya ajabu ambayo ndani yake metali iliyo kioevu husukumwa kwa nguvu ya sumaku pasipo hata gurudumu moja. Ilipoundwa na kuwashwa, pampu hiyo isiyo na kiungo kinachocheza ilipiga makelele ya kutisha. Ikiwa friji ilimshinda Einstein, basi mimi sina la kuonea haya.

Habari za hita nitazipitisha upesi. Mei ya huku ina baridi ya usiku, na chini ya sakafu kuna hita ya dizeli ambayo hunyweshwa mafuta na pampu ndogo inayogonga kwa kila funda: tik, tik, tik, mpaka alfajiri. Niliining'iniza katika pete ya mpira, nikaielekeza mdomo juu kidogo ili isishike hewa, na kugonga kukawa kwa mbali.

Basi, Ami, nilipokwisha kuzimaliza zote, kimya kikatanda ndani ya gari, kimya cha kweli, na usingizi haukuja. Nililala macho wazi nikikumbuka ule mgawo wa umeme usiokuwa mgawo, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme, na kila duka la Vikokotoni likatoa jenereta lake kibarazani. Tulilala, au hatukulala? Tulilala fofofo, tena madirisha wazi kwa joto, kwa sababu kila ngurumo ilikuwa na mwenyewe: lile la kukwaruza la muuza dawa, lile la kukohoa la mwenye kuonyesha mpira, lile kubwa la mfanyabiashara asiyelipa madeni. Na usiku mmoja jenereta la muuza juisi liliponyamaza ghafla, nusu ya mtaa iliamka na kutoka na kurunzi kwenda kuuliza amepatwa na nini. Alikuwa ameishiwa petroli. Hapa nazijua mashine zangu volti kwa volti, na hakuna hata moja ambayo ikizimika mtu ataamka kuniuliza. Isipokuwa labda jirani wa kulia, ambaye ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kufuatilia udhu wangu, na ambaye namna ninavyomfikiria sasa, baada ya vile visheti, ni kama ndugu.

Mwisho, Dada ameniandikia kwamba mnataka kununua inveta na betri za kujikimu umeme unapokatika, akaniomba ushauri, na sidhani kama katika ukoo wetu yuko mwingine aliyelala nazo karibu kuliko mimi. Chukueni ya wimbi safi, kwa sababu zile rahisi huzifanya pangaboi zivume. Ifungeni juu ya ukuta wa mawe wa stoo, si juu ya mbao za chumba cha Bibi. Wekeni mpira chini ya kila skrubu. Na muiachie nafasi pande zote ipumue, kwani iliyobanwa huzungusha feni usiku kucha. Fedha nitazituma mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia.

Wasalaam,
Mwanenu wa Mosel