Saa Kumi na Mbili Kamili, Mimi na Kiti

Noti ya elfu mbili hainati yenyewe kwenye paji la uso, inataka jasho. Juzi Jumanne nilikuwa nalo la kutosha, kwa hiyo mama wa kamati ya harusi alipoibandika ilikaa vizuri, simba wa kwenye noti akiwatazama wajumbe, mimi nimekumbatia kiti cha plastiki.

"Huyu tumchukue," akamwambia mwenyekiti. "Anajituma."

Darasa letu la salsa la watu wazima, hapa Sinza, huanza saa kumi na mbili kamili jioni. Juzi hiyo ilikuwa saa moja kasorobo. Mwanafunzi pekee aliyekuwapo alikuwa nje, anaongea na simu. Ukumbi tunaulipia kwa saa, na saa inaanza kuhesabiwa kuanzia muda uliokodi, si mtu wa kwanza anapobadilisha viatu. Kama hela inateketea, angalau mtu acheze. Nikafungulia muziki, nikavuta kiti, nikaanza kukiongoza. Kilikuwa chepesi, hakinihoji, na kwenye kugeuka hakikunikanyaga. Nimefumba macho, nakizungusha mara ya pili, nikasikia makofi.

Kikao chao kilikuwa cha saa mbili usiku. Mwenye ukumbi, ambaye saa zangu ameshazitia mfukoni, aliwaambia waingie tu, hao wa dansi huwa hawaji. Wakaingia na soda zao na daftari la ahadi, wakapanga viti kunizunguka. Mweka hazina akauliza bei yangu ni kiasi gani. Mwenyekiti, mtu makini, akataka kujua kama hiyo bei ni pamoja na kiti. Nikaeleza kwamba mimi ni mwalimu na hili ni darasa. Wakaangalia ukumbi mtupu, wakaangaliana, na yule mama akaongeza buku.

Kinachoniuma ni kwamba wanafunzi wangu kuwahi wanajua. Salsa ni kazi ya kuwahi tupu. Mzunguko una mapigo nane: unakanyaga la kwanza, la pili, la tatu, la nne unaliacha lipite, la tano, la sita, la saba, la nane unaliacha. Wimbo ukienda mapigo 180 kwa dakika, mzunguko mzima unakwisha kabla ya sekunde tatu. Chini yake kuna klave, vijiti viwili vinavyogongwa mara tano tu katika mapigo hayo nane, mara tatu nusu hii na mara mbili nusu ile, na bendi nzima, kuanzia piano hadi tarumbeta, inajipanga kwa hayo matano. Mtindo huo wa kugonga ulitoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani, ukaota mizizi Cuba, halafu kuanzia miaka ya 1930 ukarudi Afrika ndani ya santuri za mfululizo ulioitwa GV. Wakongo wakaudaka, wakauhamishia kwenye magitaa, ikawa rumba. Umevuka Atlantiki mara mbili na haujapoteza pigo. Mwanafunzi wangu anatoka Kimara.

Na dansi ya wawili haimsubiri mtu kimyakimya. Tunasimama duara, waongozaji nje, wafuasi ndani, na kila baada ya mtindo mmoja wafuasi wanasogea hatua kwa mwenza mwingine. Akiingia aliyechelewa, duara linahesabiwa upya, mmoja anabaki hana mwenza, na huyo ndiye anayepewa kiti. Ukimpigia simu mapema anakwambia "nipo njiani," huku unasikia maji yanamwagwa bafuni. Au yuko foleni Ubungo. Daraja la Kijazi, la kuondoa foleni hiyo, lilifunguliwa 2021. Inaonekana wanafunzi wangu hawakualikwa.

Ila si wote wanaodanganya. Mfuasi bora niliyewahi kumfundisha ameacha, kwa sababu bosi wake anaitisha vikao saa kumi na moja jioni. Angesema anawahi masomo ya shahada ya uzamili, angeruhusiwa na kupongezwa. Msiba, angepewa na nauli. Harusi ya binamu, ruksa. Lakini mtu mzima aseme anawahi dansi, yake mwenyewe, aliyoilipia kwa hela yake, ofisi nzima inacheka, na yeye anajifunza kucheka nao. Mwenye ukumbi naye anawaza hivyohivyo: kamati ya harusi ni shughuli, sisi ni watu waliokosa kazi. Lakini anapopokea kodi yetu, hacheki.

Siku umeme ulipokatika tulihesabu mapigo kwa midomo, jirani akaja kuuliza haya ni maombi ya kanisa gani. Siku ya mechi ya Simba na Yanga hatukutimia hata jozi.

Sasa natangaza kwamba darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, ili saa kumi na mbili watu wawepo. Wote wameshaijua siri na wamesogeza kuchelewa kwao ipasavyo, isipokuwa bibi mmoja mstaafu aliyejiunga wiki hii. Yeye alifika saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, na viatu vyake kwenye mfuko, akakuta kufuli. Akasubiri kidogo, akarudi kwake, akadai ada yake. Nimemtumia yote. Jana kanipigia: makato ya kutolea kwa nini nimemwachia yeye?