Gawanya kwa 24: Mwongozo wa Kujenga Gari la Safari Rally Mezani

Hongera. Umeamua kuacha shughuli za maana na kujenga gari la mashindano lisiloweza kumfikisha mtu hata kituo cha matatu. Mwongozo huu ni wako, na ni wa wote wanaoishi nawe nyumba moja, kwani nao wana haki ya kujua kinachokuja.

Tutajifunzia Datsun 240Z, ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni, ambayo Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller waliishindia Safari Rally ya Pasaka mwaka 1971. Ni chaguo la busara. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imewahi kutoa seti yake ya plastiki. Gari lenyewe limehifadhiwa na Nissan hukohuko Japani. Na wazee waliosimama kando ya barabara Pasaka ile wakifunikwa vumbi bado wapo, tayari kukukosoa.

Kabla hujafungua boksi, shika neno moja: skeli ni 1/24. Kila kitu kwenye gari la kweli kimegawanywa kwa 24. Datsun ya mita 4.1 imekuwa ya sentimita 17. Dereva wa mita 1.75 amebaki sentimita saba na ushei. Kitu pekee ambacho hakikugawanywa ni bei.

Hatua ya 1: Nunua, kisha nunua tena

Mwenye seti moja ni mpita njia. Mjenzi wa kweli hutambulika kwa maboksi ambayo hajayafungua. Sababu ipo, na ikariri vizuri kwa sababu utaulizwa: viwanda hutengeneza seti hizi kwa mafungu, fungu likiisha huenda miaka ikapita kabla ya jingine, na wakati huo wauzaji wa mitandaoni watakuwa wameipandisha bei mara tatu. Kwa hiyo ukinunua leo unaokoa pesa. Ukinunua tano umeokoa zaidi.

Maboksi yaingie nyumbani jioni, chini ya sukumawiki. Ukishikwa, sema, "Hiyo mbona ni ya zamani?" Ukibanwa zaidi, sema utayajenga ukistaafu.

Ukihama kutoka Datsun ukaingia kwa Subaru ya samawati ya Colin McRae, mshindi wa Safari ya 1997, utapata elimu nyingine. Ubavuni mwa magari yale paliandikwa 555, na 555 ilikuwa sigara. Siku hizi watengenezaji wengi wa seti hawachapishi matangazo ya tumbaku, hivyo maandishi hayo huagizwa kando, kwa wachapaji wadogo wa ng'ambo. Ndivyo mtu ambaye hajawahi kuvuta hata sigara moja anavyojikuta akilipa pesa zake mwenyewe ili aitangaze bure sebuleni.

Hatua ya 2: Teka meza

Utahitaji koleo dogo la kukatia, kisu chenye ncha ya wembe, kibano, tupa nyembamba, gundi ya plastiki na msasa wa namba 400, 800, 1000 na 2000. Utahitaji pia kompresa na bunduki ndogo ya kupulizia rangi. Watakaokuambia kopo la spreya linatosha wanasema kweli, na ndiyo maana hatuwasikilizi.

Meza iwe ile ya kulia chakula. Mwanzoni sema ni kwa wikendi moja tu. Baada ya muda familia itazoea kula na sahani mapajani, na suala hilo litakuwa limejimaliza lenyewe.

Hatua ya 3: Sugua

Plastiki ya bodi ina unene wa kama milimita moja. Zidisha kwa 24: umepata bati la sentimita 2.4, wakati bati la Datsun ya kweli halifiki hata milimita moja. Yaani hapo mezani una kifaru cha vita chenye namba ya mashindano. Dawa yake ni kusugua kingo za madgadi na za madirisha kwa ndani, mpaka jicho lidanganyike kwamba bodi nzima ni nyembamba.

Tafuta pia ule mstari mwembamba unaopita juu ya madgadi, mahali vipande viwili vya kalibu ya kiwandani vilipokutana. Usugue uishe. Usipouona, jaji atauona.

Kipande kidogo kikiruka kutoka kwenye kibano, usikikimbilie. Tulia, sikiliza kimeangukia wapi, kisha piga magoti uanze kupapasa sakafu. Utapata sarafu, hereni iliyotafutwa mwaka mzima, na kipande cha gari ulilojenga kabla ya hili. Ulichokiangusha utakipata siku utakapomaliza kuchonga kingine cha badala.

Hatua ya 4: Rangi, au elimu ya subira

Hapa ndipo hesabu ya 24 inapouma. Unywele una unene wa karibu milimita 0.07. Ukinasa kwenye rangi ya boneti, kwa kipimo cha gari umelaza waya wa umeme wenye unene wa milimita 1.7. Ukishika rangi kabla haijakauka, mistari ya kidole chako inakuwa matuta ya kupandia viazi. Ukipuliza kwa pupa, rangi itakauka na chunusi za ganda la chungwa, na utarudi kwenye msasa namba 1000.

Wakongwe watakushauri upulizie bafuni. Ushauri ni mzuri: ukimwaga maji kwanza, vumbi lote hutulia. Ila hawamalizii. Rangi za laka haziupendi unyevu. Hewa ikiwa nzito, wekundu wako utavaa ukungu mweupe kama maziwa, na ndiyo sababu mjenzi wa Mombasa wakati wa masika hupiga rangi kwa kutazama mawingu kwanza. Basi una hiari: chumba kikavu chenye vumbi, au bafu safi lenye ukungu. Vyovyote utakavyochagua, mtu atagonga mlango akitaka kuoga.

Hatua ya 5: Tengeneza kisichoonekana

Funga mikanda ya viti, yenye vishikizo vya chuma ambavyo ukipiga chafya vimekwenda. Panga nyaya. Chora mishale ya dashibodi kwa brashi yenye nywele tatu. Kazi hii itakula majuma. Ikiisha, funika kwa bodi, na haitaonekana tena mpaka kiama.

Kwa hiyo piga picha kwanza, nyingi, na uwe nazo kwenye simu popote uendapo. Mtu akisifu rangi ya gari, mwambie, "Hujaona ndani," kisha mwonyeshe zote. Usimwachie mkono kabla hazijaisha.

Onyo: vioo usivibandike kwa supagluu. Mvuke wake huganda juu ya plastiki angavu na kuiachia ukungu usiofutika. Hapo hata hicho kidogo kilichokuwa kikionekana kitakuwa kimezikwa.

Hatua ya 6: Namba 11

Vibandiko ni vya maji. Kata namba, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, subiri ilegee kwenye karatasi yake, kisha iteleze juu ya mlango kwa brashi iliyolowa. Usiivute. Duara jeupe lenye namba ni jepesi kuliko utando wa juu ya chai ya maziwa. Likijikunja lenyewe kwa lenyewe, namba 11 inageuka 1, na Datsun nyingine kabisa imeingia mashindanoni. Pumzi iwe ndogo, na watoto wawe kwa shangazi yao.

Likishakaa sawa, pulizia vanishi. Sasa gari linang'aa. Hakuna doa, hakuna mkwaruzo; unajiona usoni kwenye boneti. Ligeuze taratibu chini ya taa, ulifurahie, kwa maana linalofuata ni kuliharibu.

Hatua ya 7: Chafua

Gari safi la Safari ni gari ambalo halijaondoka. Mashindano yale yalikuwa ya Pasaka, na Pasaka huandamana na mvua za masika. Mwaka 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Ukiipeleka Datsun yako kwenye maonyesho iking'aa, utakuwa umetangaza kwamba Herrmann alishinda akiwa ameegesha.

Hapa mjenzi wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutembea kifua mbele. Kwenye maduka ya vifaa hivi huuzwa vichupa vya unga wa rangi wa kuigiza vumbi na matope, na baadhi vina jina la udongo wa Afrika. Bara zima, kichupa kimoja. Wewe unajua kwamba vumbi la Naivasha ni jepesi na limepauka, lile ambalo madereva hulizamia hadi kwenye ekseli. Kwamba la Voi ni jekundu na halitoki kwenye soksi. Na kwamba udongo mweusi wa tambarare, ukinyeshewa, hushika gari na dereva na waliokuja kusukuma. Tena vyote ni vya bure. Chota Naivasha, pepeta kwa chujio la chai la nyumbani, paka gundi hafifu ya maji, nyunyiza chini ya milango na nyuma ya matairi.

Sasa rudi nyuma hatua mbili, utazame kazi yako. Inaonekana ya uongo. Zidisha tena: punje ya nusu milimita, iliyopenya kwenye chujio, kwa kipimo cha gari ni kokoto ya sentimita 1.2. Hujapaka vumbi, umemwagia Datsun lori la kokoto.

Hatua ya 8: Onyesha

Maonyesho yapo ya kila daraja, tangu yale ya kila Mei mjini Shizuoka, makao ya watengenezaji wa seti Tamiya, mpaka mashindano ya matawi ya IPMS, chama cha wajenzi kilichozaliwa Uingereza mwaka 1963. Pakia gari kwenye boksi lenye sponji. Safari Rally nzima haitalitikisa kama matuta ya barabara kati ya kwako na ukumbini.

Ukishaliweka mezani, watakuja watu wa aina tatu. Wa kwanza atauliza, "Inatembea?" Jibu kwa upole kwamba haitembei. Atauliza tena, "Sasa ni ya nini?" Swali hilo halina jibu, na ukilitafuta sana utaacha kujenga. Wa pili ni mtoto, na yeye haulizi, ananyoosha mkono. Mzuie kwa tabasamu, huku mkono wako mwingine ukimtafuta mzazi.

Wa tatu ni jaji. Anakuja na tochi, anainama mpaka kidevu kinagusa kitambaa. Mikanda yako haimshughulishi kwanza. Anaanza na magurudumu: je, yote manne yanagusa meza? Gurudumu likielea unene wa karatasi, ameandika. Kisha anafuata ile mistari ya kalibu, alama za gundi, taa zilizokaa upande. Mwisho anamulika matope, anatikisa kichwa, anaandika: "Udongo hauna uhalisia."

Usibishane naye. Usimwambie umeuchota mwenyewe, wala usimwonyeshe picha ya jembe. Meza ya pili kuna Datsun kama yako, ya mtu ambaye hajawahi kuikanyaga Kenya, imepakwa ule unga wa kichupa. Unga umesagwa laini hadi punje zake hazionekani kwa macho, na ukiutazama utadhani gari limetoka Naivasha asubuhi hii. Mpongeze, maana kikombe ni chake.

Kisha nenda nyumbani ukaagize kichupa. Kikifika, na afisa wa forodha akikuuliza mna nini ndani, mwambie ukweli: ni vumbi la Afrika, linarudi kwao. Halafu lipia ushuru.