Mwacheni Mtoto Akojoe, Jamani!

Wueh! Nyinyi mlioketi kwenye benchi hili, semeni kama hamjayaona. Jumamosi, Arboretum ya Nairobi, maharusi wamepanga foleni ya picha kama wanangoja matatu. Kuna kabinti ka miaka 4 hivi, ka kumwaga maua, kamevalishwa gauni lenye waya ndani, limetanuka kama mwavuli. Mkojo ukambana. Shangazi watatu wakapiga magoti nyasini: huyu anainua waya, yule anafunua matabaka ya shifoni, wa tatu anamtafuta mtoto yuko wapi humo ndani! Walipompata, mambo yalikuwa yamekwisha. Aliyefinywa ni nani? Si mtoto?

Ai, msidhani gauni lile lilizaliwa Biashara Street kwa sababu ndiko mnakolinunua. Zile pete za chuma za kutanua sketi zilisajiliwa Ufaransa mwaka 1856. Mama wa huko akitanuka, na binti atanuke. Wavulana nao walivaa magauni mpaka miaka 4, 5 na kupita, ndipo wapewe suruali. Mwaka 1846 Malkia Victoria wa Uingereza akamvika mwanawe Albert Edward, hata miaka 5 hajafika, sare ya baharia; mchoraji Winterhalter akamchora. Basi! Kila mzazi akataka baharia wake. Ile kola ya mraba nimeiona mtaani hapa hapa, mwaka huu, na bahari iko Mombasa!

Sasa geukeni huku kwetu, miaka ileile. Mji wa Nairobi haupo; reli itafika 1899. Wamaasai wananywesha ng'ombe penye maji baridi, Enkare Nairobi, na Wakikuyu wako kwenye miinuko yenye msitu. Kivulana kinafukuzana na mbuzi uchi wa mnyama, dada yake kafungwa kipande cha ngozi kiunoni. Merikani ya kutoka Massachusetts inashushwa Zanzibar, lakini haiwahusu. Sisemi ilikuwa peponi. Njaa ilikuwepo, na baridi ya Julai ni ileile. Ila hakuna aliyemwambia mtoto asikae chini kwa sababu ya nguo.

Leo? Pita Lavington saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mtoto wa chekechea ana koti, tai, soksi hadi magotini, anasinzia akingoja basi. "Usichafue!" Pita soko la Toi, mama anapigania suti ya kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, yenye kizibao, ya mtoto ambaye hata kutembea bado! Tunawavalisha wakae kama wazee wa kanisa, halafu tunauliza mbona hawachezi.

Basi kale kabinti kalivuliwa, gauni likaanikwa kwenye tawi. Kakabaki na chupi na kishumizi. Lo! Kalitimua mbio nyuma ya tumbili wa Arboretum, kanacheka mpaka kanapaliwa, shangazi wote watatu nyuma yake. Mpiga picha alikuwa ameshafunga begi lake.