Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Kwa Mheshimiwa Mfumo,
Popote ulipo, uwe juu au chini.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA KISANDUKU KIMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu kutoka Magomeni, na ninasema Magomeni ya Kilosa, mkoani Morogoro. Nalitaja hilo mapema kwa kuwa wewe unaitambua Magomeni moja tu, ya Dar es Salaam. Kila nikijaza anwani unanipeleka Kinondoni, na mzigo wangu wa vipuri umewahi kuzurura Mapipa huku mimi nikiusubiri stendi ya Kilosa. Nyumba ninayokaa ina kibao cha namba tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na mama mwenye nyumba hukipangusa kila Ijumaa. Kinang'aa. Wewe tu ndiye hujakisoma.

Mheshimiwa, mimi ni mzaliwa wa Kilifi, Kenya. Kazi yangu ni ufundi wa korona, ile mashine ya kukamulia mkonge, si ule ugonjwa. Nilipopata kazi kwenye mashamba ya upande wa Kimamba sikuwa na wasiwasi. Kiswahili nimekinyonya ziwani, mkonge ni ule ule, na juu ya pasipoti yangu yameandikwa maneno Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, na humo wafanyakazi wa nchi wanachama wameahidiwa kwenda huku na huko kwa uhuru. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku ya kutia saini wewe hukualikwa.

Tuanze na laini ya simu. Dada wa dukani alinipokea vizuri: "Karibu kaka, nyie ni ndugu zetu kabisa." Akakichukua kidole changu cha shahada, akakifuta jasho kwa pamba, akakibonyeza kwenye kimashine cha alama za vidole. Taa ikawaka kijani. Kidole ukakipokea, mwenye kidole ukamkataa. Ulitaka namba ya NIDA, tarakimu 20. Dada akarudi nyuma, akachagua "mgeni". Ukataka kibali cha ukaazi. Kibali kilikuwa bado kinashughulikiwa, na taarifa ya kukamilika kwake ilikuwa itumwe kwenye namba yangu ya Tanzania. Namba ipi? Hiyo hiyo niliyokwenda kuisajili. Kijana wa bodaboda aliyekuwa mlangoni akajitolea kidole chake. Nilimshukuru, nikakataa. Sheria naiogopa, tena kuliko wewe unavyoiogopa.

Bila laini hakuna pesa za simu, na bila pesa za simu, umeme ukikata usiku, LUKU utainunua kwa nani? M-Pesa ilianza kwetu Kenya mwaka 2007 na huku ikafuata 2008. Simu yangu ya nyumbani ina M-Pesa, wakala wa hapa mtaani naye ana M-Pesa, lakini mbele yako wawili hawa hawajuani. Basi mama mwenye nyumba akawa benki yangu, wakala wangu na mdhamini wangu, na ndiye aliyekuwa akinisomea tarakimu za tokeni dirishani, nne nne, huku nikibonyeza mita gizani.

Vibali navyo ni viwili. Kwa sheria ya mwaka 2015, kimoja ni cha kufanya kazi na kingine ni cha kukaa, kana kwamba fundi anaweza kukaza nati Kimamba akiwa hayupo Kimamba. Kila malipo yana kontroo namba yake, nayo hutoka siku ukiamka vizuri. Ukiamka vibaya, karani huniangalia kwa huruma na kusema, "Mfumo umegoma kaka, pitia kesho." Mfanyakazi wa kawaida akigoma huitwa kujieleza. Wewe ukigoma, sisi ndio tunaoomba radhi kwa kuja.

Julai 2025 ikatoka amri yenye orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, 15 kwa jumla, zikiwemo uwakala wa pesa za simu na ufundi wa simu. Nimeisoma, nimeielewa. Mimi sikuomba kuwa wakala, Mheshimiwa. Nimeomba kuhudumiwa na wakala.

Wala usiseme jambo hili haliwezekani. Hadi mwaka 1966 shilingi ya Kilifi ndiyo iliyokuwa shilingi ya Kilosa. Hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, karani wa stesheni ya Kilosa na mwenzake wa Voi walikuwa na mwajiri mmoja, na mafaili yao yaliandikwa kwa mkono. Hata huo mkonge ni mhamiaji: aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na leo hakuna anayeuliza mkonge una kibali daraja gani.

Sitaki ionekane nakuonea. Pacha wako wa Nairobi ana tabia hizo hizo. Mtanzania akienda kuishi kule hutakiwa kutafuta kitambulisho cha mgeni, naye huambiwa "ndugu yetu" na mtu aliyemkalisha foleni tangu asubuhi.

Sasa nikupe habari njema. Jumapili moja nilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Pale langoni, kwenye orodha ya viingilio, kuna mstari wa raia wa Afrika Mashariki, na bei yake ni kwa shilingi. Wa ng'ambo wana mstari wao, kwa dola. Nikaonyesha pasipoti, nikalipa, nikapita. Hakuna aliyegoma. Kwa hiyo ninapokwenda kuangalia nyati natambulika kuwa mtu wa Afrika Mashariki, ila ninapotaka kununua umeme wa kuwashia taa nageuka mtu wa mbali.

Ombi langu ni hili. Katika kila fomu yako, kati ya "raia" na "mgeni", weka kisanduku cha tatu, cha raia wa Afrika Mashariki, na ukiwekee kazi ya kufanya, kisiwe pambo. Sikuombi uraia, wala sikuombi unisamehe ada. Marais walishatia saini, na dada wa dukani alishanikaribisha. Aliyebaki ni wewe.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa korona,
Magomeni, KILOSA (siyo Dar es Salaam).

Nakala:
Pacha wako, Nairobi: ajirekebishe.
Makao makuu ya Jumuiya, Arusha: kwa utekelezaji, si kwa taarifa.