Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayohusika

YAH: PONGEZI KWA UKUZAJI BORA WA MAGUGU MAJI

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa Buterere, jijini Bujumbura, Burundi, tungependa kuitaja ofisi yako kwa jina, lakini kila mlango tunaobisha hodi tunaambiwa inayohusika ni ile nyingine. Basi barua tumeielekeza kwa hiyo nyingine.

Kwanza, hongera. Nchi inakesha kwenye foleni ya petroli, ila gugu maji, mgeni huyu kutoka Amerika Kusini, halijawahi kupungukiwa na kitu. Likikolea huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Linachotaka ni jua, maji yaliyotulia na chakula, na chakula mnalipatia ninyi. Majitaka ya jiji yasiyofika kwenye mabwawa ya kusafishia hapa Buterere, pamoja na mvua inayosuuza jalala letu, hushuka kwa mitaro na Mto Kinyankonge hadi Ziwa Tanganyika, yakiwa yamesheheni naitrojeni na fosforasi. Mkulima wa mpunga wa tambarare ya Imbo akiuona ukijani ule, roho inamuuma.

Tumefurahi pia kuona lilivyopewa uhuru wa kutembea. Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa katikati ya jiji. Gugu hupita bila kusimamishwa. Na Sheria ya Maji ya 2012, iliyotenga mita 150 kando ya ziwa zisijengwe? Wenye baa na hoteli wamekwisha kuonja utamu wa sheria hiyo. Gugu, tuseme haki, bado halijapandisha ghorofa.

Sasa hii kazi ya pamoja ya Jumamosi. Inapendeza, hasa ukiwa juu ya daraja. Watu wanaingia mtaroni maji yakiwa magotini, wanavuta. Gugu linatoka na mizizi yake myeusi, mirefu kama ndevu, inachuruzika tope, imenasa chupa ya plastiki na kandambili moja. Ukikiminya kikonyo cha jani kilichovimba, hewa inatoka. Ndiyo boya lake hiyo. Kamera inafika. Kiongozi anashika mpini wa jembe, anatabasamu, picha inapigwa. Kisha lundo linaachwa pale pale ukingoni, hatua mbili kutoka majini, maana lori la kulizoa halikuwemo kwenye bajeti. Mvua ya Jumatatu inalirudisha kazini. Hata likikauka si hasara kwake: mbegu zake zinaweza kulala topeni miaka 15 na zaidi, zikingoja.

Majirani nao walihangaika. Ziwa Victoria lilipovamiwa, Uganda iliachia fukusi wa jamii ya Neochetina mwaka 1995, Kenya ikafuata 1997. Wadudu wale, wadogo kuliko punje ya mpunga, hawakudai posho ya kikao, na kufikia mwisho wa muongo huo magugu yalikuwa yamepungua sana. Baadaye yakarudi katika Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, kwa kuwa majitaka na mbolea za mashambani hazikuacha kumiminika. Fukusi anakula jani. Bomba hazibi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuepushe na warsha nyingine ya ufukweni kuhusu vikapu vya magugu maji. Tumekwisha kuvisikia, na chai ilikuwa tamu. Mashine ya kuvunia nayo usijisumbue kuiagiza, itapanga foleni ya dizeli pamoja nasi. Tunachoomba hakina utepe wa kukata: nyumba na viwanda viunganishwe na mabomba ya majitaka, mabwawa ya Buterere yazolewe tope, maji machafu ya jalala yasiachwe kuingia mtoni, na lori moja, moja tu, lije kila Jumamosi jioni kubeba lundo.

Anza na lori, kabla ya mvua za Septemba. Mabomba yatachukua miaka, hilo tunalielewa, mradi yaanze. Maji ya kunywa ya Bujumbura, ya kwetu na ya mezani kwako, yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo.

Wako watiifu,
Wakazi wa Buterere