Ombi la Kuhamishiwa Wizara ya Madini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KUTOKA WIZARA NILIYOMO KUJA WIZARA YAKO



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msichana wa miaka 17, mzaliwa wa Kishapu, mkoa wa Shinyanga, si mbali na mgodi wa almasi wa Mwadui. Nimesomea mkoa wa Geita, ambako mama yangu anafanya kazi mialoni, kwenye kuosha mawe ya dhahabu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka na nimepata Divisheni ya Nne, pointi 30. Sikati rufaa. Ila nimetazama kwa makini jinsi Serikali inavyotunza mali zake katika kanda hii, nikagundua kwamba nilisajiliwa wizara isiyo yangu. Naomba nihamishwe, na nipo tayari kupokelewa kama jiwe.

Kilichonifumbua macho ni mizani. Nilimsindikiza mama soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019, akiwa na kipande cha dhahabu alichokifunga kwenye karatasi iliyochanwa daftari langu la Uraia. Mnunuzi alikipokea kwa vidole viwili. Kabla ya kukipima aliinuka akazima feni. Nikadhani anabana matumizi ya umeme. Kumbe upepo wa feni unaweza kuidanganya mizani, naye hataki mtu adhulumiwe. Akafunga kijimlango cha kioo, akasubiri namba zitulie, akaigeuza mizani mama ajionee. Kisha kipande kikapelekwa kwenye mashine ya kusoma dhahabu imo asilimia ngapi. Bei ya siku ilikuwa imebandikwa ukutani. Mama, ambaye shule aliiacha darasa la tano, alibishana na bei hiyo na akasikilizwa.

Mimi nilipimwa mwezi Novemba. Siku ya Hesabu mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba msimamizi alipotangaza dakika zilizobaki tulimsoma midomo. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo walimu wetu waliitumia kusalimia asubuhi, halafu wakarudi kwenye Kiswahili ili tuelewe somo. Mvua haizimwi kama feni, najua. Lakini hata namna ya kuhesabu inatatiza: mwenye pointi 7 ndiye bora wa wote, mwenye 35 ni sifuri. Mizani ya kinyumenyume namna hii ikiingizwa soko la Geita asubuhi, wachimbaji watakuwa wameivunja kabla ya adhuhuri.

Tena bei ya dhahabu hupangwa London mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kila siku ya kazi. Kipande cha mama kikidharauliwa asubuhi, mchana kina matumaini. Ya kwangu imepangwa mara moja tu, na mjomba ameshaniambia niizoee.

Niseme kidogo kuhusu Hesabu, maana nimepata F. Tangu nikiwa darasa la sita, duara la mjomba, yaani shimo lake la kuchimbia, likitema mawe, mimi ndiye niliyeitwa kupiga mgao. Mifuko ya mawe ikishapanda juu, anatolewa mwenye shamba, anatolewa mwenye leseni, mfadhili anarudishiwa gharama zake za matimba, dizeli na unga, kinachobaki wanagawana wachimbaji. Na humo kuna aliyeugua siku tatu, na kuna aliyekwishakopa mfuko mzima kabla mawe hayajaonekana. Wanaume wazima wenye nyundo mkononi walinizunguka wakisubiri nitaje namba. Nilitaja, wakachukua mifuko yao wakaondoka. Pale ukikosea unarudi nyumbani na jino pungufu. Meno yangu yote ninayo. Kwenye mtihani niliulizwa kuhusu ngazi iliyoegemezwa ukutani, inatengeneza pembe gani. Sikuipata. Inawezekana kabisa F hiyo ni halali yangu, sina ugomvi na ngazi. Ninachouliza ni hiki: hii hesabu nyingine niliyo nayo kichwani nimpelekee nani aniwekee mizanini?

Sasa nije kwenye marudio, ambayo ndiyo shida yangu hasa.

Wewe unajua kuliko mimi, Mheshimiwa, kwamba kanda hii hakuna udongo unaotupwa. Jiwe linasagwa kwenye karasha, linaoshwa kwenye mwalo, zebaki inakamata inachoweza kukamata, na kinachobaki hakuna anayekiita takataka. Ni marudio. Yanarundikwa, usiku yanalindwa na mzee mwenye rungu na tochi, kisha anakuja mwenye mtambo wa kuchenjulia, anayanunua, anayaloweka kwenye sayanaidi, na kuna siku anapata dhahabu kumzidi aliyelitoa jiwe chini. Hata magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa wa Geita umeona hayana faida, wananchi waliyadai miaka mingi mpaka suala likapanda kwa Rais. Wanafunzi wa Divisheni ya Nne sijasikia anayetudai. Hatujawahi kuwa hata ahadi ya kampeni.

Haki itendeke, tumewahi kuoshwa mara ya pili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 240,000, takriban 60 katika kila 100, walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikashtuka, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na sifuri zikapungua bila mtoto yeyote kurudi darasani hata siku moja. Na Novemba 2021 Serikali iliwafungulia mlango wa shule wasichana waliokwishajifungua. Kwa hiyo utaalamu wa kuchenjua watu tunao. Tofauti ni nani analipa. Marudio ya dhahabu hununuliwa, marudio ya watoto hujinunua yenyewe: ukitaka kurisiti mtihani, ada utaitafuta, tuisheni utaitafuta, na muda wa kusoma utautafuta ukishamaliza kuchota maji ya mwalo.

Sijasahau mwaka 2017. Nilikuwa mdogo lakini redio ya mjomba haikuzimwa. Machi mwaka ule makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalizuiwa kutoka nje ya nchi. Makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar es Salaam. Profesa Mruma na wanasayansi wenzake wakayafungua kutazama mna nini ndani, kisha Profesa Osoro na jopo la wachumi na wanasheria wakapiga hesabu ya kilichokuwa kimepotea. Waziri aliyekuwa kwenye kiti chako akaondolewa. Bunge likatunga sheria kwamba maliasili ya nchi haitasafirishwa ikiwa ghafi. Ichakatwe hapahapa, iongezwe thamani. Mjomba alipiga makofi mpaka betri zikadondoka.

Simama siku moja stendi ya Kahama alfajiri, Mheshimiwa. Utaona wasichana wa rika langu wakipanda mabasi ya Dar es Salaam, kila mmoja na mfuko na namba ya simu ya shangazi wa mtu fulani, wakienda kufanya kazi za ndani. Wanasafirishwa ghafi. Hakuna kontena linalofunguliwa, wala profesa anayekuja kutazama mna nini ndani. Nami ningekuwa mali ya wizara yako, kondakta angelazimika kuonyesha kibali.

Kuhusu masharti, mimi si mbishi. Nimesikia Serikali inachukua hisa 16 kwa 100 kwenye migodi mikubwa, kama ilivyo kwa Twiga, kampuni ya ubia na Barrick. Ichukue na kwangu. Mtoto wa mama mkubwa alisoma chuo kwa mkopo, sasa ni mwalimu na anakatwa 15 kwa 100 ya mshahara kila mwezi, kwa hiyo naona bei za watu na za migodi zimeshaanza kukaribiana. Mrabaha wa 6 kwa 100 nao naukubali. Nitakachodai ni kile ambacho mgodi hauhitaji kukidai: kabla ya kuambiwa sina kitu, mtu awe amechimba.

Kuna suala la kifamilia ambalo linanilazimu kuomba jibu la haraka.

Baba yangu, aliyebaki Kishapu, si mtu mbaya. Pamba ya msimu uliopita haikutosha kulipa deni la mbegu na dawa, na wadogo zangu wanne wanataka madaftari. Ametokea mtu wa Kahama mwenye ng'ombe na lori. Ndugu wameshakaa kikao. Rangi yangu ilijadiliwa, kimo kikajadiliwa, na mwanya wangu ukaongeza ng'ombe wa 14. Divisheni haikutajwa kabisa. Ni kikao cha kwanza maishani mwangu ambacho alama zangu hazikunishusha, na nusura nifurahi.

Nimejaribu kuielewa hesabu hii kisheria. Nilipokuwa nimevaa sare, mtu wa kunioa alikuwa anakwenda jela miaka 30. Ndivyo Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016. Matokeo yametoka, sare imevuliwa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu baba kuniozesha, tena angeweza tangu nilipofika miaka 15. Thamani yangu imeshuka kutoka miaka 30 ya kifungo hadi ng'ombe 14 ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ingeporomoka hivyo, London kungekuwa na kikao cha dharura. Wakati huohuo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaniona mdogo mno kufanya kazi duarani, na ninaikubali, nimeona watu wakitolewa mle. Kwa hiyo shimoni siruhusiwi, ndoani karibu.

Dada Rebeca Gyumi aliipeleka sheria hiyo ya ndoa mahakamani. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016 na kuagiza irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Nikamaliza ya msingi, nikaingia sekondari, nikamaliza, na kila nilipouliza nikaambiwa wadau wanatoa maoni. Makontena 277 yalichunguzwa ndani ya miezi mitatu. Yangekuwa na vifungu vya ndoa ndani, sijui.

Na isionekane kwamba Shinyanga hatujui harusi ya mtu mzima inavyofanywa. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5, na Dokta Williamson, mwenye mgodi, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya harusi yake. Ikachongwa taratibu, ikabaki karati 23.6, ikawa ua la kubandika kifuani. Bibi harusi alikuwa na miaka 21. Zawadi alipewa yeye mwenyewe. Haikupelekwa zizini kwa baba yake.

Utaniuliza kama nina uhakika kwamba huko kwako ni salama. Sina. Bibi yangu anao jamaa waliokuwa Bulyanhulu Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa kumpisha mwekezaji, na hadithi zao hazisimuliwi wakati wa kula. Novemba 2022 bwawa la tope la Mwadui lilipasuka, tope likaingia kwenye mashamba na nyumba za watu ambao tulikuwa tunakutana nao mnadani. Najua kwamba ukiwa juu ya jiwe bila kuwa jiwe, wizara yako nayo ina namna ya kukupisha. Ndiyo maana siombi kuwa mkazi wa jirani na mgodi. Hilo nimekuwa tangu kuzaliwa na halikunisaidia. Naomba niwe mgodi.

Mdogo wangu wa darasa la tatu ameanza kuniita Divisheni Foo. Alianza kwa utani, mama akamkemea, akaendelea. Juzi aliniita hivyo nikiwa nakung'uta blanketi la mwalo, nikaitika, na nilikuwa nimeshafika aliko kabla sijashtuka kwamba hilo si jina langu. Kwa hiyo ukiniuliza haraka ya nini, ni hiyo. Lori la mtu wa Kahama linaweza kuharibika njiani, ng'ombe wanaweza kuugua. Lakini kuitika nimeshaanza.

Kama uhamisho wangu utachukua muda, naomba angalau unitumie yule mnunuzi wa soko la Geita. Si lazima aje na mashine. Aje tu akae mbele yangu, azime chochote kinachopuliza, asubiri namba zitulie.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji (ghafi).

Viambatisho: nakala ya matokeo; cheti cha kuzaliwa; barua ya mwenyekiti wa kitongoji; picha ndogo mbili; karatasi moja ya mgao wa mifuko, iliyothibitishwa na wachimbaji tisa kwa dole gumba.

Nakala kwa: wizara niliyomo, kwa taarifa.
Baba, Kishapu: asipokee ng'ombe yeyote mpaka barua hii ijibiwe.